Reli ya Kisumu yaweza kufunza Kiingereza na historia

Mhariri,

Kuwasomea wanafunzi wa sekondari noti wanakili tu ni kuwapotezea wakati. Mada ya reli iliyofika Kisumu mwaka 1901, enzi hizo Port Florence, yatosha kufunza historia na Kiingereza katika kipindi kimoja cha dakika 40. Toa ramani moja na aya ya maneno 150 hivi; ikirefuka, kengele hulia kabla ya mjadala. Makundi yawe ya wanne. Wakiwa wanane, wawili husema na wengine huchorachora pembeni mwa daftari. Kila mmoja aandike sentensi tatu za Kiingereza: nani alinufaika, nani alipoteza ardhi? Walimu wenzangu, tafadhali msimkatize anayezungumza ili kusahihisha sarufi. Akikatizwa mara mbili, hainui mkono tena. Yaandikeni makosa kando, myajadili dakika tano za mwisho.

Mwalimu, Kisumu