Mwalimu ametutoka, kaseti zake zisipotee

Mhariri,

Naomba nafasi nimkumbuke mwalimu wetu mstaafu, mtafiti wa historia ya kwetu, aliyetutoka majuzi. Alipostaafu hakupumzika. Aliketi na wazee, akarekodi masimulizi yao kwenye kaseti, kisha akayalinganisha na rejesta za shule na maandishi ya makaburini. Mzee akisahau mwaka, humuuliza kwa upole: ilikuwa kabla ya ile njaa kubwa au baada yake? Nyuma ya kila picha aliandika majina kwa penseli, kwa kuwa wino hupenya. Kazi ya subira mno!

Utepe wa kaseti huchakaa hata ukiwa kabatini. Naisihi familia na maktaba wazinakili kidijitali mapema, na madaftari yake yasitawanywe.

Mwanafunzi wake wa zamani