Kwa nini mashine yetu inakataa makopa ya siku mbili

Lawama ni zile zile kila msimu: unga wetu wa muhogo ni ghali, na mashine yetu hapa Newala, mkoani Mtwara, inachagua makopa (vipande vya muhogo mkavu) ya kusaga. Wapo wanaosema waziwazi kwamba tunawaibia.

Tuanze na bei. Kilo 3 hadi 4 za muhogo mbichi hutoa kilo 1 tu ya unga. Muhogo mchungu tunaumenya, tunauloweka siku 3 mpaka ubonyee kwa kidole, tunautoa nyuzi, tunaukamua, ndipo tunauanika kwenye turubai. Na maji huku juu kwenye uwanda wa Makonde ni ya kununua kwa dumu, hilo hatuna haja ya kumweleza Mmakonde.

Njia ya mkato ni kumenya, kupasua, kuanika juani siku 2 na kukimbilia mashineni. Makopa hayo huwa meupe, yanapendeza kuliko yetu, ila sumu imo. Ndani ya muhogo mchungu mna linamarini (kemikali inayozaa sumu), na mna kimeng'enya (protini inayochochea mabadiliko ya kemikali) cha kuivunja iwe sianidi, sumu ambayo ni gesi na hupeperuka. Kimeng'enya kinahitaji maji ili kifanye kazi. Jua likiukausha muhogo upesi, kazi inaishia njiani. Kuupika ugali sana hakusaidii: moto unakiua kimeng'enya, linamarini inaingia tumboni.

Dalili za mwanzo huja saa chache baada ya kula: kizunguzungu, kichwa kuuma, kutapika. Watu husema muhogo umewalevya, kesho wanakula tena. Wakiula hivyo wiki kadhaa, bila samaki wala kunde (mwili hutumia salfa iliyomo kwenye protini kuiondoa sianidi), ndipo huja konzo, ugonjwa wa neva uliokwisha kuonekana mkoani Mtwara.

Konzo huanza ghafla. Mtu aliyekuwa mzima, ndani ya siku chache miguu yote miwili inakakamaa, anatembea kwa ncha za vidole, magoti yanagusana. Ukimfinya anasikia. Hauzidi, lakini hauponi. Mazoezi ya viungo na fimbo ndiyo msaada uliopo. Huwapata zaidi watoto waliovuka miaka 3 na wanawake wa umri wa kuzaa. Hauambukizi, na tafadhali msimsingizie jirani uchawi.

Usiuchanganye na kiharusi, ambacho kwa kawaida hushika upande mmoja, mdomo ukaenda kombo. Huyo apelekwe hospitali saa hiyo hiyo. Polio hulegeza mguu, haiukakamazi. Miguu ikiishiwa nguvu pamoja na maumivu ya mgongo, ganzi au mkojo usiozuilika, huenda ni tatizo kwenye uti wa mgongo wenyewe, na hapo pia usingoje kesho.

Mwenye unga wa wasiwasi nyumbani asiutupe. Autie kwenye beseni, ausawazishe, aweke alama ulipofikia. Amimine maji kidogo kidogo huku akichanganya: unga utashuka kwanza, kisha utapanda. Ukirudi kwenye alama, aache. Autandaze kwenye mkeka, unene usizidi sentimita 1, saa 2 juani au saa 5 kivulini, halafu asonge ugali siku hiyo hiyo. Wanaourundika kwa kukosa mkeka wanapoteza maji yao bure, gesi haina pa kutokea.

Makopa tuliyoyakataa hatuyatozi chochote. Rudi nayo nyumbani, yatwange, fanya hivyo hivyo.