Kabla ya kununua silinda ya ndege, ulizia umri wa hedi

Mhariri,

Naomba nafasi kidogo niseme na wenye ndege ndogo, hizi za injini za pistoni zinazoruka Dar, Zanzibar, Mafia na kule mbugani, maana siku hizi mtu anakuja hanga na silinda kwenye boksi anakwambia fundi nifungie hii nimeipata bei poa, ukimuuliza imetoka wapi anakuonyesha rangi mpya inavyong'aa.

Silinda za injini hizi si kama za gari. Kila moja inajitegemea, unafungua nati unaichomoa peke yake, ndo maana biashara ya spea imekuwa kubwa. Chini ni bareli ya chuma, juu ni hedi, yaani kichwa cha silinda, ya aluminiamu ambayo kiwandani inapashwa moto halafu inakazwa kwenye nyuzi za bareli, ikipoa imeng'ang'ana hapo maisha. Sasa kila ukiruka hedi inapata moto, ukitua inapoa, miaka na miaka, na aluminiamu inachoka bila kuonyesha kitu mpaka siku inapasuka.

Ile silinda inayoitwa ovahoo, yaani ya zamani iliyokarabatiwa, wameing'arisha bareli, wameweka valvu mpya na vibomba vipya vya kuongoza valvu, wamepiga rangi, sawa, kazi nzuri, ila hedi ni ileile. Injini kama Lycoming O-360 kiwanda kinashauri ovahoo ikifikisha saa 2,000 za kazi, kwa hiyo hedi inaweza kuwa imeshamaliza injini mbili huko nyuma na inaanza ya tatu kwako, na karatasi imeandika "zero" kwa sababu inahesabu tangu ovahoo. Kuna jamaa alileta za hivyo, karatasi ya matengenezo anayo kabisa, ila saa za hedi tangu izaliwe hakuna anayejua, hata aliyemuuzia. Nilimwambia sizifungi, akanuna.

Na mpya nazo zina mambo yake. Zipo za mtengenezaji wa injini na zipo za kampuni nyingine zilizoidhinishwa na mamlaka ya usafiri wa anga ya Marekani, nyingi za hizi ni nzuri tu, mimi sina tatizo nazo, ila mwaka 2016 mamlaka hiyohiyo ilitoa agizo la usalama kuhusu baadhi ya silinda za kampuni ya ECi zinazofungwa kwenye injini za Continental za 520 na 550, hedi zilikuwa zinapasuka na kuachana na bareli. Hizo ndo injini za Cessna 206 nyingi tu! Ukiuziwa silinda ya mtumba ya injini hizo soma namba ya pati na siriali, linganisha na agizo, usitosheke na neno la muuzaji.

Halafu bareli. Sisi tunaoishi na chumvi ya bahari, ndege ikilala wiki mbili tatu pwani bareli ya chuma tupu inashika kutu ndani, ukiwasha ringi za pistoni zinakwangua ile kutu. Kama ndege yako inalala sana chukua iliyopakwa nikeli, kama inaruka kila siku chuma cha nitraidi, yaani kilichokomazwa uso, kinatosha, usitupe hela. Kwenye Lycoming angalia rangi kwenye mapezi, bluu ni nitraidi na rangi ya chungwa ni kromu, ingawa aliyepiga rangi upya anaweza kuwa ameifunika. Na bareli ya kromu haiwekwi ringi za kromu, zitakulana hizo.

Ila kabla ya yote, una uhakika silinda imekufa? Tunapima kwa kuijaza upepo wa presha ya psi 80, injini ikiwa ya moto, Lycoming wanasema ikishuka chini ya 60 ndo ufikirie kuitoa. Tega sikio, upepo ukisikika kwenye ekzosti ni valvu, ukisikika pale pa kujazia oili ni ringi. Ingiza kamera tundu la plagi uitazame valvu ya ekzosti, ikiwa imeungua upande mmoja hapo huna ubishi, lakini kama iko safi ruka nayo kidogo upime tena, mara nyingi namba inapanda yenyewe. Wenye ndege wengi moja ikishuka wanataka zing'olewe zote sita "ziwe sawa", wakati kuzing'oa zote mara moja ndo kunaleta balaa, zile bolti zinazopita katikati ya injini zikilegea zote beringi kubwa inaweza kuhama, na ukikosea torki, yaani nguvu ya kukaza nati, wakati wa kufunga silinda inaweza kung'oka angani.

Kwa hiyo mkinunua njooni na karatasi inayoonyesha saa za hedi tangu mpya. Kama haipo nunueni mpya, moja tu ile iliyokufa, na msitusukume turudishe ndege hewani kesho yake, maana silinda mpya inataka oili ya minero, ile isiyo na viongezo, na nguvu kubwa ya injini mpaka ulaji wa oili utulie. Abiria wa Mafia atasubiri.

Fundi wa ndege,
Dar es Salaam