Bukini wakija, mkataba usubiri

Ndugu Mhariri,

Makala nyingi kuhusu biashara za Wakrii, moja ya jamii za asili za Kanada, hata zenye nia njema, huanza na shanga na kuishia na ngoma. Mwandishi anaona viatu vya ngozi vilivyotariziwa, anausifu utamaduni, basi. Tunaomba wasomaji wenu wajue kuwa kwa Wakrii utamaduni unakaa kwenye ratiba ya kazi, kwenye hesabu na kwenye mkataba. Usipoandikwa humo, utalipiwa kama hasara.

Tuanze na bata bukini. Baridi inapoanza kuachia, bukini hurejea pwani ya ghuba ya James Bay, na vijiji vya Eeyou Istchee, nchi ya Wakrii kaskazini mwa Quebec, kama Chisasibi, Wemindji na Waskaganish hufunga shule na ofisi kwa takribani wiki mbili ili familia ziende kuwinda. Mkandarasi mgeni huuita utoro. Anapanga kumwaga zege mwanzoni mwa Mei, vijana wanaondoka, mitambo inabaki imesimama huku kodi yake ikihesabiwa kwa siku, na faini ya kuchelewesha kazi inaanza kupanda. Dawa ipo, ila inywewe kabla ya kupeleka bei ya zabuni. Ulizeni ofisi ya kijiji mapema, wakati bado ni baridi. Msiandike tarehe maalumu kwenye mkataba, maana bukini hufuata barafu inavyoyeyuka, na kijiji cha pwani hakifungi lazima siku moja na kile cha bara. Andikeni "wiki mbili zitakazotangazwa na jamii". Siku hizo zitolewe kwenye hesabu ya faini, na mitambo mikubwa ikodiwe kwa mwezi au iletwe Juni. Kuwinda huko ni kazi inayotambuliwa rasmi: upo mpango, uliotokana na makubaliano ya Wakrii na serikali ya 11 Novemba 1975 baada ya mgogoro wa mabwawa ya umeme katika nchi yao, unaomlipa mwindaji kwa siku anazokaa msituni. Makubaliano hayohayo ndiyo yaliyoleta fidia, na miaka michache baadaye Wakrii walikuwa na kampuni yao ya ujenzi (1976) na shirika la ndege, Air Creebec (1982).

Linalotuuma zaidi ni asilimia 51. Serikali kuu ya Kanada imejiwekea lengo kwamba angalau asilimia 5 ya thamani ya manunuzi yake iende kwa biashara za jamii za asili, na kwa kawaida biashara ya namna hiyo ni ile ambayo wenyeji wanamiliki angalau asilimia 51. Hapo ndipo vinyago vinapovaliwa: kampuni ya nje inaungana na kijiji ili ionekane ya wenyeji. Chukueni mfano wa kazi ya dola 1,000,000. Mbia huyo wa nje anajikatia ada ya usimamizi ya asilimia 10 ya mapato, yaani 100,000. Gharama zinafika 900,000, na humo imo kodi ya mitambo ya mbia huyohuyo kwa bei aliyoipanga mwenyewe. Faida ni sifuri, na asilimia 51 ya sifuri mnaijua. Kijiji kimetoa jina lake na barabara yake, kikaambulia picha ya kukata utepe. Kabla ya kutia saini, ada itokane na faida na isiguse mapato, bei ya mitambo ilinganishwe na bei mbili za watu wa nje, hundi ziwe na saini mbili, na iandikwe tarehe ambayo Mkrii anayefunzwa atakabidhiwa umeneja.

Mikopo nayo ina fundo lake. Kwenye ardhi zilizotengewa jamii za asili huko Saskatchewan na Alberta, kifungu cha 89 cha sheria inayozisimamia kinamzuia mdai asiye wa jamii hizo kukamata mali ya mwenyeji iliyo ndani ya ardhi hiyo. Kinalinda ardhi isiliwe na madeni, na ni haki kiwepo. Lakini benki inarudi nyuma, jambo ambalo msomaji aliyewahi kupeleka hati ya kimila dirishani analielewa bila kuelezwa. Milango miwili iko wazi ndani ya kifungu hichohicho: kununua mtambo kwa masharti kwamba unabaki mali ya muuzaji hadi malipo ya mwisho, na kuweka rehani haki ya upangaji kwenye eneo ambalo jamii imeliidhinisha likodishwe. Wakrii wa jamii ya Samson, huko Alberta, walianzisha taasisi yao ya fedha, Peace Hills Trust, mwaka 1980.

Kuhusu hivyo viatu, basi viandikwe kwa haki. Ngozi ya muusi, yule kulungu mkubwa wa kaskazini, hukwanguliwa nyama upande mmoja na manyoya upande wa pili, hupakwa ubongo, hukamuliwa na kuvutwa mpaka ilainike, kisha hushonwa kama mfuko na kuning'inizwa juu ya moshi wa gogo bovu lililokauka. Moto ukiwaka ndimi, ngozi inajikunja na kuungua. Moshi ukiwa haba, kiatu kikilowa kitakauka kigumu kama gome. Fundi wengi huhesabu shanga na uzi, wakasahau siku. Tuseme ngozi moja imekula saa 80 na kutoa jozi 10: kwa dola 20 kwa saa, kila jozi imeshabeba dola 160 kabla sindano haijaingia. Mwandishi wenu akiona bei na kuguna, aanzie hesabu hapo.

Wasomaji wenu,
Montreal, Kanada