Wageni wa metali waanzie kwa Black Sabbath

Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua niwaeleze vijana wa Mombasa wanaotamani kuujua muziki wa metali (heavy metal), yaani roki ya magitaa mazito, mahali pa kuanzia. Mpwa wangu aliniomba hivi karibuni nimfunze kuusikiliza, lakini kabla sijamjibu alikuwa amekwisha kujitafutia kwenye simu yake, akaangukia bendi ambazo waimbaji wake hunguruma bila neno hata moja kueleweka, akazima baada ya dakika mbili na kuniambia kwamba ule si muziki. Simlaumu. Asiyejua kuogelea hatupwi katika mkondo wa Likoni siku ya kwanza.

Mimi ningemwanzishia albamu ya Paranoid ya mwaka 1970, ya Black Sabbath, bendi ya mji wa Birmingham, Uingereza. Mwendo wake una nafasi ya kutosha kwa sikio geni kukifuata kila chombo, na maneno ya mwimbaji wao, Ozzy Osbourne, aliyefariki mwezi Julai 2025, yanasikika waziwazi. Wako jirani zangu wanaoamini kwamba muziki huu wote ni ibada ya shetani. Nawasihi wausikilize wimbo wa kwanza wa albamu hii, War Pigs, ambao unawalaani wakubwa wanaopanga vita kisha wakawaachia maskini kazi ya kwenda kufa. Uzito wa gitaa la Black Sabbath nao una kisa chake. Mpigaji wao, Tony Iommi, alikatwa na mashine ncha za vidole viwili vya mkono wa kulia akiwa kijana wa kiwandani, na kwa kuwa anatumia mkono wa kushoto, vidole hivyo ndivyo vya kubania nyuzi. Alijitengenezea vifuniko vya vidole kwa plastiki ya chupa aliyoiyeyusha, akatafuta nyuzi nyembamba, na ilipofika albamu yao ya Master of Reality ya mwaka 1971 alikuwa akizilegeza katika baadhi ya nyimbo mpaka zikashuka chini ya sauti ya kawaida. Wengi waliokuja baadaye waliifuata sauti hiyo nzito.

Baada ya hapo ningempa albamu ya Powerslave ya bendi ya Iron Maiden, ya mwaka 1984, ambayo mimi mwenyewe niliipata katika kanda aliyoniletea ami yangu aliyekuwa baharia. Nyimbo mbili tatu za katikati hazinigusi sana, lakini wimbo wa mwisho, Rime of the Ancient Mariner, unazidi dakika 13, na sijui wimbo wa kigeni unaotufaa zaidi sisi watu wa Pwani tuliolelewa kwa tenzi. Umetokana na shairi la Samuel Taylor Coleridge lililochapishwa mwaka 1798. Baharia anamuua ndege aliyekuwa akiiandama merikebu yao. Wenzake wanampa haki ukungu unapotoweka, kisha upepo unakatika, chombo kinasimama katikati ya bahari, kiu inawatesa huku maji yamewazunguka pande zote, wenzake wanaanguka mmoja mmoja na kufa, na yeye anabakizwa hai ili azunguke duniani akisimulia alilolitenda. Katikati ya wimbo magitaa yananyamaza, likabaki besi peke yake, mbao za chombo zikilia, na sauti ya mtu akizisoma beti za shairi lenyewe. Msikilizaji wa taarabu, aliyezoea kungojea ala zitangulie na mwimbaji achukue wakati wake, hatauona wimbo huu kuwa mrefu. Huenda akauelewa kabla ya mtu aliyezoea nyimbo za dakika tatu.

Ya tatu ni Master of Puppets ya bendi ya Metallica, ya mwaka 1986, ambayo ina nyimbo nane tu na kasi kubwa zaidi. Wimbo uliobeba jina la albamu ni sauti ya dawa za kulevya zenyewe zikizungumza na mtumwa wao, zikimwamrisha na kumkumbusha kwamba maisha yake si yake tena. Katika mji ambao unga umetuharibia ndugu na watoto wa majirani, sihitaji kueleza kwa nini wimbo huo hunikaba koo kila ninapousikia. Mpigaji wao wa besi, Cliff Burton, alifariki katika ajali ya basi nchini Sweden mwezi Septemba mwaka huohuo, na kazi yake inasikika vizuri zaidi katika Orion, wimbo usio na mwimbaji.

Dada zetu wanaodhani kwamba hapa si mahali pao wawatafute Voice of Baceprot, wasichana watatu wa Garut, Indonesia, wanaopiga metali wakiwa wamevaa hijabu, na ambao mwaka 2024 walipanda jukwaa la tamasha la muziki la Glastonbury, Uingereza. Albamu yao ya Retas ni ya mwaka 2023. Huku kwetu Kenya, Nairobi ilitupa bendi ya Duma, waliotoa albamu yenye jina lao mwaka 2020. Nawaheshimu sana, ila kelele zao ni kali kuliko za wote niliowataja, kwa hiyo ningemshauri mgeni awaache kwanza mpaka sikio limezoea, maana ni bendi za namna hiyo zilizomfukuza mpwa wangu.

Albamu hizi zisikilizwe nzima, kwa mpangilio wake, na kwa hedifoni au spika nzuri, kwani spika ya simu hulimeza besi lote na kuacha mikwaruzo mitupu. Nawaomba pia watangazaji wa redio za Pwani watutengee saa moja kwa juma, hata iwe usiku wa manane, na siku ya kwanza waucheze ule wimbo wa baharia mpaka mwisho bila kuukata.

Msikilizaji wa miaka mingi,
Kibokoni, Mombasa