Flashi haikuwa tupu

Mwanangu mpenzi,

Huku nyumbani sote wazima, bibi yako anakusalimu sana. Juzi ulikuwa unalia kwenye simu, na najua hukusikia nusu ya niliyokwambia, ndiyo maana naandika. Mafaili uliyodhani umeyafuta kwenye flashi yamepatikana. Hesabu za kikoba zipo, na picha za msiba wa babu yako zipo zote.

Fundi wa pale sokoni alishasema tuifomati flashi na kompyuta ipigwe Windows upya. Nilikuwa karibu kukubali. Kilichonizuia ni kitu kidogo: flashi ina GB 16, ukiifungua huoni hata faili moja, lakini nafasi iliyobaki ni GB 5. Kama ni tupu, nani anakula hizo 11? Nikamwomba aniachie, nikarudi nayo nyumbani.

Yule kijana wa jirani anayesomea kompyuta ndiye aliyenieleza. Ulipoichomeka flashi yetu kule steshenari, kirusi kilizificha folda zote, kikaweka mahali pake vishale vya kubofya (wenyewe wanaviita shortcut) vyenye majina yaleyale. Ukibofya, kinaamka chenyewe kwanza, kisha kinakufungulia folda yako usishtuke. Ndivyo kilivyoingia hadi kwenye kompyuta ya nyumbani. Wewe ulipovifuta vile vishale ukadhani umefuta kila kitu.

Alianza na kompyuta, kwa sababu ukisafisha flashi peke yake inaambukizwa tena ukiichomeka tu. Akakuta Defender, ile kinga ya virusi inayokuja na Windows, imezimwa. Nikakumbuka ule mchezo wa mpira wa bure uliopakua likizo, ambao maelekezo yake yalitaka uzime kinga kwanza. Mwanangu, mgeni anayekuambia umwondoe mlinzi getini kabla hajaingia, anakuja kufanya nini? Hilo liliniuma kuliko kirusi chenyewe. Akaiwasha, akachagua ule ukaguzi unaofanyika Windows ikiwa bado haijawaka. Tulisubiri kama robo saa.

Ndipo akafungua lile dirisha jeusi la kuandikia amri, akaandika amri ya kuondoa alama ya kufichwa kwenye kila kilichomo ndani ya flashi, ambayo kompyuta iliiita E:

attrib -h -r -s /s /d E:\*.*

Akabonyeza Enter. Folda zikaanza kurudi moja moja. Ilipotokea iliyoandikwa «Babu», nilishindwa kusema neno.

Tumepona kwa sababu kirusi hiki kinaficha tu. Kile cha WannaCry, kilichozifunga kompyuta za hospitali nyingi Uingereza tarehe 12 Mei 2017, kilikuwa kinayafunga mafaili kwa msimbo na kudai dola 300 kwa bitcoin, pesa ya mtandaoni. Kwa kirusi cha namna ile, amri ya kijana wetu isingefua dafu. Anapona mwenye nakala pembeni. Sisi hatukuwa nayo, na hilo ni kosa langu mimi, si lako.

Badilisha maneno yako ya siri leo, la barua pepe na la akaunti ya mkopo, tena kwa simu yako, usiende kwenye kompyuta za steshenari. Na jambo likiharibika, niambie siku hiyohiyo. Ulikaa na hofu wiki 2 peke yako, nami nipo.

Nimenunua diski ya nje. Inakaa kwenye sanduku la vitenge, naichomeka Jumapili, nikimaliza kunakili naichomoa. Picha zako nimezitia kwenye flashi mpya, iko ndani ya mfuko wa unga wa muhogo niliompa kondakta wa basi la kesho asubuhi. Ukiupokea nipigie.

Mama yako