Mzee akiruhusiwa hospitali, mtuambie na habari ya usingizi

Mhariri, naomba nafasi kidogo niongee na madaktari na manesi, na pia na wenzangu tunaolea wazee wenye dimensia, ule ugonjwa wa ubongo unaokula kumbukumbu. Mzee akiruhusiwa tunapewa mfuko wa dawa, karatasi na tarehe ya kliniki, basi. Usingizi hakuna anayeugusa, wakati ndo utakaotutesa kuanzia usiku wa kwanza.

Wodini usiku na mchana ni kitu kimoja. Taa zinawaka, mashine zinalia, saa kumi alfajiri anaamshwa kupimwa presha, halafu mchana kutwa kalala tu, jua halioni. Ubongo una saa yake ya ndani inayojiseti kwa mwanga, na kwa mwenye dimensia hiyo saa ilishaanza kulegea zamani, akikaa wodini hivyo ndo inavurugika kabisa. Wengine wanapata na kule kuchanganyikiwa kwa ghafla, madaktari wanaita deliriamu, na watu wanadhani kinaisha mgonjwa akitoka, wapi, kinaweza kuendelea wiki hata miezi. Baba saa nane usiku yuko macho anavuta ngozi ya mkono pale ilipokuwa dripu, anatafuta plasta iliyotolewa kitambo, na ukimwambia baba hamna kitu hapo anakuangalia kama vile wewe ndo mgonjwa.

Sasa hapo lazima atokee mtu akushauri, mpe diazepamu alale. Jamani! Dawa hizo, pamoja na zile za mafua na aleji zinazoleta usingizi, zinaweza kumzidishia mzee kuchanganyikiwa, na za jamii ya diazepamu zinamuangusha, anaamka kwenda chooni miguu haina nguvu, nyonga imevunjika, mmerudi wodini kulekule. Na zile wanazopewa wagonjwa wa akili kutulia, mamlaka ya dawa ya Marekani, FDA, ilishaonya tangu 2005 kwamba kwa wazee wenye dimensia zinaongeza hatari ya kifo. Sisemi hazitumiki kabisa, daktari anaweza kuwa na sababu zake, ila lisiwe jibu la kwanza na tusijinunulie wenyewe dukani.

Kwetu aliyetusaidia ni daktari mmoja kijana wa kliniki, alimwaga ule mfuko mezani akauliza kidonge kimoja kimoja, hiki anakunywa saa ngapi? Dawa ya kukojoza iliandikwa mara mbili kwa siku, na nani asingeelewa asubuhi na usiku? Kumbe dozi ya pili ilitakiwa mapema mchana, ndo maana mzee anaamka kila saa. Ile ya kumbukumbu, donepezili, kwa baadhi ya watu inaleta ndoto za ajabu, akaihamishia asubuhi. Halafu akambonyeza tumbo, akauliza choo kikubwa alipata lini, akauliza maumivu. Mzee wa namna hii hasemi naumwa, anahangaika tu, na sisi tunaita usumbufu.

Mengine ni ya mchana. Asubuhi atoke nje apate mwanga, atembee kadiri anavyoweza, apewe hata nguo za kukunja, miwani na kifaa cha masikio avae maana asiyeona wala kusikia vizuri anachanganyikiwa haraka. Kusinzia mchana ruksa ila kidogo, na isifike jioni. Chai na kahawa ziishie mchana. Usiku acha taa hafifu kuelekea chooni, akiamka usibishane naye, mpeleke akojoe kwanza, wengine wakishakojoa wanalala wenyewe.

Ila akibadilika ghafla, mfano homa, mkojo hautoki, au analala mchana kutwa kumuamsha ni kazi, hapo si habari ya usingizi tena, mrudisheni hospitali haraka. Na zamu za usiku gawaneni, manake mara nyingi anaachiwa binti mmoja, wengine wanapiga simu kuuliza mzee kaamkaje.

Ninachoomba hospitali ni kitu kidogo sana. Kwenye karatasi ya kuruhusiwa msituandikie mara mbili kwa siku, andikeni saa. Na kabla hatujatoka mlangoni nesi atuulize, nyumbani alikuwa analala saa ngapi, na huku wodini je?

Mlezi wa mzee, msomaji wenu